Kujiandaa na dharura mjini sio kununua tochi tu

Kila yakitokea mafuriko au moto mkubwa mahali, magrupu ya WhatsApp yanachafuka. Huyu anakwambia nunua tochi na betri, yule anasema ukisikia tetemeko kimbia nje haraka, mwingine anabisha anasema simama kwenye fremu ya mlango ndo salama, na hakosekani wa kusema haya ni mapenzi ya Mungu binadamu huna cha kufanya. Wiki mbili zikipita kimya kinarudi, na ukiuliza nani kabadilisha kitu nyumbani kwake au dukani kwake, hakuna. Mi siamini kwamba watu ni wazembe. Naamini tumechanganya mambo, hatujakubaliana hata kujiandaa kwenyewe ni nini, na mtu akishachanganyikiwa anaishia kuacha yote.

Tuanze na maneno matatu maana yanachanganywa kila siku. Hatari ni kile kitu chenyewe: mvua kubwa, tetemeko, moto, joto kali, umeme kukatika siku tano. Maafa ni kinachotokea pale hatari inapowakuta watu hawako tayari, nyumba dhaifu, mitaro imeziba, mlango wa nyuma umepigwa kufuli. Dharura ni ule muda wa katikati, hatari imeshafika lakini bado kuna kitu unaweza kufanya yasiwe maafa. Chukua mfano wa ngazi zilizomwagika maji. Kijana anashuka mchana ameshika reli, anapita salama. Mzee anashuka usiku, taa hamna, reli hamna, mikono yote ina mizigo, anavunjika nyonga. Maji ni yaleyale.

Mwaka 2010 dunia ililiona hili kwa macho. Januari tetemeko la ukubwa wa 7.0 liliipiga Haiti, na makadirio mengi yanasema walikufa zaidi ya watu 100,000. Mwezi mmoja na nusu baadaye Chile ikapigwa na tetemeko la 8.8, ambalo kwa nishati ni kama mara 500 ya lile la Haiti, wakafa watu mia tano na kidogo. Ni kweli la Haiti lilitokea karibu sana na mji mkuu, hiyo ina uzito wake, lakini Chile walishapigwa vibaya mwaka 1960 na tangu hapo wakakaza sheria za ujenzi, na majengo yao mengi yakayumba bila kuporomoka. Kwa hiyo anayesema hamna cha kufanya namheshimu kwa imani yake ila kwenye hili hayuko sahihi. Tetemeko huwezi kulizuia. Maafa unaweza kuyapunguza sana.

Sasa kujiandaa ni nini. Watu wengi wakisikia neno hilo wanawaza vitu: begi, tochi, redio, maji. Vitu vinahitajika na nitavifikia, ila sio kiini. Kujiandaa ni kufanya maamuzi mapema, ukiwa umetulia, ili siku yenyewe usiwe unaanza kufikiri. Kwa sababu siku yenyewe akili haifanyi kazi kama unavyodhani.

Niliwahi kufanya kazi kwenye ofisi moja ghorofa ya nne, siku moja king'ora cha moto kikalia. Unajua tulifanya nini? Tuliangaliana. Mmoja akasema labda wanajaribu mitambo, mwingine akaendelea kuandika, kuna dada akaenda kuchukua chaja yake, mi mwenyewe nikawa nangoja bosi aseme kitu, na bosi naye kumbe anatuangalia sisi. Zilipita kama dakika nne hivi ndo mtu wa usafi akaja kutufokea tutoke. Ulikuwa moshi wa waya ulioungua chini, haukuwa mkubwa, ila ungekuwa mkubwa zile dakika nne zilitosha kutumaliza.

Na hapa kuna imani moja inabidi tuivunje. Tunaambiwa kila mara kwamba kwenye majanga watu huchanganyikiwa, wanakimbia ovyo, wanakanyagana. Hutokea, hasa pale njia ya kutokea ni finyu na watu ni wengi, lakini watafiti waliofuatilia matukio haya miaka mingi wanaona zaidi kinyume chake, yaani watu wanachelewa. Wanatafuta uthibitisho, wanapiga simu kuuliza, wanakusanya vitu, wanaangalia mwenzao anafanya nini. Ni tabia ya kawaida ya binadamu, ubongo unapenda kuamini leo ni siku kama zingine. Dawa yake ni moja tu, uamuzi uwe umeshafanyika kabla.

Rick Rescorla alikuwa mkuu wa usalama wa kampuni ya fedha ya Morgan Stanley kwenye mnara wa kusini wa World Trade Center, New York. Baada ya bomu lililolipuka palepale mwaka 1993 akaanza kuwafanyisha wafanyakazi mazoezi ya kushuka ngazi mara kwa mara, mabosi na wateja wakubwa nao wanaacha simu wanashuka, na wengi walikuwa wanakereka kweli. Tarehe 11 Septemba 2001 mnara wa kaskazini ulipogongwa na ndege, tangazo kwenye mnara wao likawaambia watu wabaki ndani. Yeye hakungoja, akawaambia watu wake tokeni. Kampuni ilikuwa na wafanyakazi kama 2,700 pale na karibu wote walitoka hai. Yeye alirudi juu kutafuta waliobaki, akafia humo. Kilichowaokoa wale watu ni miguu iliyokuwa inaijua njia.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote kaa na watu wa nyumbani kwako mjibu maswali machache. Moto ukianzia jikoni usiku tunatokea wapi, na kama njia hiyo haipitiki? Tukishatoka tunakutana wapi, sehemu moja inayojulikana, mti fulani au geti fulani, sio "hapo nje"? Nani anambeba mtoto, nani anamshika bibi? Funguo za mlango na za grili za madirisha zinakaa wapi usiku, na je kila mtu anaweza kuzipata gizani? Hilo la grili naliweka kwa uchungu kabisa, maana tunajifungia ndani kwa kuogopa wezi alafu moto ukija tunakuwa tumejifungia nao.

Kitu kingine kinachochanganya watu ni lugha ya uwezekano. Unasikia wataalamu wanasema haya ni mafuriko ya miaka 100, basi mtu anajiambia yameshapita, mimi na wanangu tuko salama, yatawakuta vitukuu. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi 1 kati ya 100 ya mafuriko ya ukubwa ule kutokea, na mwaka ujao hesabu inaanza upya, mto haukumbuki kwamba ulishafurika. Ni kama kurusha sarafu, ikianguka kichwa leo haimaanishi kesho haiwezi kuwa kichwa tena. Ukikaa kwenye nyumba ya eneo hilo miaka 30, nafasi ya kuyaona angalau mara moja ni kama 1 kati ya 4. Hiyo sio ndogo hata kidogo. Mtu akikwambia kuna nafasi 1 kati ya 4 ya gari lako kukatika breki hutaliwasha.

Na tahadhari za hali ya hewa ni hivyohivyo. Nchi nyingi siku hizi zinatumia rangi, manjano, chungwa, nyekundu, na rangi inaunganisha vitu viwili: jambo linaweza kutokea kwa kiasi gani, na likitokea litaumiza kiasi gani. Manjano fuatilia, chungwa jiandae, nyekundu chukua hatua sasa hivi. Ikitolewa alafu mvua ikapita pembeni watu wanasema wametudanganya, na mara ya pili hawasikilizi. Lakini tahadhari ni kama kufunga mkanda kwenye gari, ukifika salama huwezi kusema mkanda ulikudanganya.

Maji yenyewe tunayadharau mno. Lita moja ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo mita moja ya ujazo ni tani nzima inakuja kukusukuma. Sentimita 15 tu za maji yanayokimbia, yaani hayafiki hata nusu ya goti, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kulielesha gari dogo, na 60 zinabeba magari mengi pamoja na yale makubwa ambayo wenye nayo wanajiamini kwamba yako juu yatapita. Gari linaelea, watu wasahau hilo la kwamba uzito wake utalishikilia. Alafu chini ya yale maji ya rangi ya chai hujui kama barabara bado ipo au imeshabebwa. Geuza, rudi, chelewa kazini.

Vitu sasa. Utasikia sana habari ya siku tatu, masaa 72, watu wanadhani ni namba ya kutunga. Mantiki yake ni kwamba tukio likiwa kubwa, zimamoto na gari za wagonjwa haziwezi kufika kila mtaa siku ya kwanza, wanaenda kwanza kwenye hospitali, shule, majengo yaliyoanguka. Wewe ambaye huna jeraha ila huna maji utasubiri. Siku tatu ni kiwango cha chini cha kujitegemea ili usiwe mzigo kwa waliozidiwa, ukiweza wiki mbili ni bora zaidi. Kwenye maji weka lita 4 hivi kwa kila mtu kwa siku, hiyo ni kunywa na usafi wa lazima tu. Familia ya watu watano siku tatu ni lita 60, madumu matatu ya lita 20 yamemaliza kazi, wala sio jambo la matajiri. Dumu liwe safi, halijawahi kubeba mafuta ya taa wala kemikali, na maji uyabadilishe kila baada ya miezi michache.

Kama maji yana wasiwasi, chemsha mpaka yatokote kwelikweli na yaendelee hivyo dakika moja, tatu kama unaishi mwinuko mkubwa juu ya mita 2,000. Wengi wanadhani kuchemsha kunasafisha kila kitu. Kunaua vijidudu, basi. Maji yaliyoingiwa na petroli au dawa za viwandani ukiyachemsha bado ni sumu, hayo usinywe kabisa.

Mengine ni haraka haraka: dawa za wanaotumia kila siku, miwani ya akiba, tochi, redio ya betri, pawabanki iliyojaa, pesa taslimu kidogo za noti ndogondogo maana umeme ukikatika na mtandao ukaanguka malipo ya simu yanakwama, kopi za vitambulisho kwenye mfuko usioingia maji. Chakula kile mnachokula siku zote ila kisichohitaji kupikwa sana. Friji ukiliacha limefungwa linashika baridi kama masaa manne, friza iliyojaa inaweza kufika masaa 48, kwa hiyo acheni kufungua fungua kuangalia.

Na namba za simu ziandike kwenye karatasi. Siku hizi hatuna namba kichwani, simu ikizima umepotea. Tena siku ya tukio mawasiliano ya sauti yanakwama kwa sababu kila mtu anapiga kwa wakati mmoja. Hapo tuma meseji ya kawaida. Simu ya sauti inataka njia iwe wazi kwake muda wote mnaoongea, meseji ni kama kikaratasi kinachopenyezwa chini ya mlango, inahitaji upenyo mdogo sana na ikikosa inasubiri kwenye foleni inajaribu tena. Mchague pia ndugu mmoja anayeishi mji mwingine, kila mtu amtumie yeye kwamba "nipo salama, niko sehemu fulani", maana mara nyingi ni rahisi kuwasiliana na nje ya mji kuliko ndani.

Kuna kitu hakiuzwi dukani na kwa maoni yangu kinashinda begi lolote, nacho ni majirani. Tetemeko la Kobe, Japani, Januari 1995, liliua zaidi ya watu 6,000, na wengi waliotolewa hai kwenye vifusi walitolewa na ndugu na majirani, sio na vikosi vya uokoaji. Tena hao ni Japani, nchi iliyojipanga. Jirani ndo anajua kwamba mzee wa chumba cha nyuma hasikii vizuri. Mwaka huohuo wa 1995, mwezi Julai, joto kali lilipiga Chicago, Marekani, wakafa zaidi ya watu 700, na wengi walikuwa wazee waliokuwa wanaishi peke yao na hakuna aliyegonga mlango. Mjini tunakaa mwaka mzima hatujui jina la mtu wa mlango wa pili. Anzia hapo, ni bure.

Kwenye moto nikae kidogo. Kinachoua wengi ni moshi, na moshi unaua watu waliolala. Ukiamka chumba kina moshi shuka chini utambae, hewa nzuri iko karibu na sakafu. Funga milango nyuma yako unapotoka, mlango uliofungwa unauchelewesha moto na moshi kwa dakika za thamani kubwa, na usitumie lifti. Mafuta yakishika moto kwenye sufuria usimwagie maji: maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama, yanageuka mvuke ghafla na mvuke unachukua nafasi kama mara 1,700 ya maji yenyewe, kwa hiyo unarusha mafuta yanayowaka jikoni kote. Zima jiko, funika na mfuniko, achia hapohapo mpaka ipoe. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini inajikusanya kwenye kona, ukiisikia harufu usiwashe taa na wala usizime, cheche inatoka kwenye swichi pande zote mbili. Fungua mlango na madirisha, funga mtungi kama unafikika, toka, simu utapigia nje.

Ule mtungi mwekundu wa kuzimia moto unaouona ukutani watu wanauamini kupita kiasi. Mtungi mdogo unaisha kwa sekunde 10 hadi 20 tu. Chomoa pini, lenga chini kwenye kiini cha moto sio kwenye ndimi, bana, fagia kushoto kulia. Moto ukiwa umeshazidi ukubwa wa ndoo ya taka, au ukiwa huna mlango nyuma yako wa kukimbilia, usishindane nao.

Tetemeko nalo nimalize ubishi. Nyumba za zamani za matofali mabichi ziliporomoka ikabaki fremu ya mlango imesimama, ndo imani ilipotokea. Nyumba za siku hizi mlango sio imara kuliko sehemu nyingine. Kukimbia nje pia ni hatari, kwa sababu vioo na matofali vinaangukia palepale kwenye kingo za jengo. Ukiwa ndani piga magoti, ingia chini ya meza imara, linda kichwa na shingo, shikilia mpaka mtikisiko uishe. Ukiwa tayari nje, kaa mbali na kuta na nguzo za umeme.

Wenye biashara sasa, hasa hizi ndogo. Wengi wanadhani mpango wa dharura ni mambo ya makampuni. Machi 2000 radi ilisababisha moto mdogo kwenye kiwanda cha Philips kule Albuquerque, Marekani, ukazimwa ndani ya kama dakika kumi tu. Lakini moshi na maji viliharibu vyumba vya kutengenezea chipu za simu. Nokia na Ericsson, makampuni ya kutengeneza simu, wote walikuwa wanachukua mzigo pale. Nokia wakashtuka mapema wakatafuta wauzaji wengine, Ericsson walikuwa hawana pengine pa kuchukua, wakapoteza mamia ya mamilioni ya dola. Wala moto haukuwaka kwao. Wewe pia jiulize, nani mmoja akisimama leo na wewe unasimama? Msambazaji mmoja, fundi mmoja, barabara moja, mfanyakazi mmoja mwenye nywila zote kichwani?

Andika kwenye karatasi moja, moja tu, isiwe kitabu: namba za wafanyakazi na za ndugu zao, nani anafunga gesi na swichi kuu, tunakutana wapi tukitoka, nani anahesabu watu. Kumbukumbu za mauzo, madeni na mzigo ziwe kopi tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja ikae nje ya jengo. Fleshi inayolala kwenye droo ya kaunta itaungua pamoja na kompyuta. Mzigo wa bei kubwa usiuweke sakafuni. Mlango wa nyuma usiwe stoo, nimeona maduka mengi mno ambayo njia pekee ya pili imezibwa na maboksi.

Bima isome mwenyewe au usomewe na mtu anayejua. Mara nyingi bima ya moto haigusi mafuriko mpaka uongeze kipengele, na kulipwa meza zilizoungua sio sawa na kulipwa mapato ya miezi mitatu uliyofunga, hiyo ni bima nyingine kabisa. Wengi wanalijua hili wakiwa wameshika fomu ya madai mkononi.

Na baada ya tukio bado hatari ipo, hapo watu wengi hulegea. Maji yakishapungua usiwashe umeme mpaka fundi akague, na usiingie kwenye maji yaliyotuama karibu na waya ulioanguka. Jenereta lisiwashwe ndani wala kwenye veranda iliyozibwa, na mkaa usiingizwe chumbani kwa ajili ya joto, vyote vinatoa hewa ya kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi, unasikia kichwa kinauma na usingizi, unalala, huamki. Na kabla hujaanza kufagia matope piga picha kila kitu kilivyo, kila chumba, kila rafu, alama ya maji ukutani, risiti zilizolowa zianike usizitupe. Hamu ya kusafisha itakuwa kubwa, naelewa, ila picha kwanza.